Somo: Pikapu ya zamani inachemsha? Acheni kung'oa themostati

Naandika mara moja, ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Swali ni lile lile, hubadilika mwenye kuuliza tu: "Fundi ametoa themostati na gari bado inachemsha, nifanye nini?" Irudishe. Mpya, si ile aliyoitupa kwenye mkebe wa nati.

Somo ni la pikapu za dizeli za zamani: Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, Isuzu za 4JA1 na ndugu zao. Mwenye ya petroli asome pia, hatua zake hazipishani sana.

Kwanza muelewe kazi ya hicho kidude. Injini ikiwa baridi themostati imefunga, na maji huzunguka ndani kwa njia fupi bila kupita kwenye rejeta. Yakifika joto lililopigwa muhuri kwenye chuma chake, mara nyingi nyuzi 82, inaanza kufunguka na rejeta inapata kazi. Aina nyingi, za Toyota zikiwemo, zina kisahani cha pili upande wa chini: cha juu kikifunguka, cha chini kinaziba ile njia fupi. Ukiing'oa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta. Ndiyo maana gari inatulia Changamwe hapa Mombasa ikiwa tupu, halafu inapanda mlima wa Mazeras na magunia nyuma, mvuke huo. Na siku isiyo na mzigo injini haipati moto wake: dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka, silinda zinalika.

Fundi aliyeing'oa kwa kawaida alikuwa na rejeta iliyoziba mbele yake na hakutaka kazi ya kuifungua. Basi tuifanye.

1. Injini ipoe kabisa. Si "imepoa kidogo". Kifuniko cha rejeta ya moto kimechoma nyuso za watu wazima wenye akili zao.

2. Mwaga maji ya zamani kwenye karai, pima ni lita ngapi, andika. Hiyo namba utaihitaji. Usimwage chini uani: kulanti (maji ya dawa ya rejeta) ina utamu na ni sumu, na paka wa mtaa hawaulizi.

3. Suuza kwa maji ya bomba hadi yatoke meupe. Yakija na matope ya kutu bila kuisha, au rejeta ikiwa na moto ukigusa upande mmoja ni vuguvugu na mwingine baridi, mpelekee fundi wa rejeta afungue tangi na kupitisha vijiti kwenye mirija. Hii ni kwa rejeta za shaba. Zenye matangi ya plastiki, mara nyingi kununua nyingine ni nafuu.

4. Hosi, klipu, fenibeti (mkanda wa feni): ikipasuka au kulegea, badilisha.

5. Kifuniko cha rejeta. Kwenye Toyota nyingi utaona 0.9. Shinikizo hilo ndilo linalofanya maji matupu yasichemke hadi karibu nyuzi 119 badala ya 100. Mpira wake ukifa, maji yanachemka mapema na unaanza kulaumu injini. Ni kitu cha bei ndogo, nunua.

6. Themostati. Kabla hujaifunga, hata mpya, itie kwenye sufuria ya maji jikoni, ining'inize kwa uzi isiguse chini, uitazame ikifunguka. Nimeona mpya za dukani zisizofunguka kabisa. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye tundu lake kikae juu, maana hapo ndipo hewa inapopenya wakati wa kujaza. Gasiketi mpya, na uso wa chuma usafishwe.

7. Kujaza na kutoa hewa. Tulieni hapa, kwa sababu hapa ndipo hedi, yaani vichwa vya injini, zinapokufa baada ya kazi yote nzuri. Egesha gari pua ikiwa juu, hata kwa kupandisha magurudumu ya mbele kwenye ukingo. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Najua, hita Mombasa ni kichekesho, lakini maji yanatakiwa yapite na huko. Kama hosi zake zilishaunganishwa zikaruka hita, endelea. Jaza polepole huku unaminya hosi ya juu kwa mkono hadi povu liishe. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache isailensi (ingurume taratibu yenyewe), usikanyage mafuta. Kwa muda hakuna kitu, kisha themostati inafunguka na maji yanashuka ghafla: ongeza. Hosi ya juu ikiwa ya moto na mapovu yamekwisha, funga kifuniko, jaza chupa ya akiba hadi alama. Asubuhi, injini baridi, angalia tena. Sasa ile namba ya hatua ya 2: kama zilitoka lita 9 na zimeingia 7, lita 2 zilizobaki ni hewa, na hewa hupenda kukaa kichwani, penye moto kuliko pote. ONYO: sensa ya geji ya moto inapima maji. Ikizungukwa na hewa, inaweza kukuonyesha kwamba mambo ni shwari huku hedi inapata ufa. Geji ikipanda halafu ikaanguka ghafla, hujapona, maji yameisha. Zima. Wenye 2L-T ya tabo (turbo) msichezee kabisa hatua hii, hedi zake zinajulikana kwa nyufa.

Maji gani? Kulanti iliyochanganywa tayari, au nzito nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Hatuna barafu Pwani, lakini dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndiyo tunayoihitaji. Ukinunua maji ya betri, hakikisha umepewa maji na si asidi. Chupa zinafanana na muuzaji ana haraka.

MASWALI

Kijana wa Jomvu: Sijasoma yote ni ndefu sana. Kwa hivyo nitoe themostati ama nisitoe?

Jibu: Soma kichwa cha somo. Ni mstari mmoja.

Abu Swaleh: Assalaam aleikum. Mimi natia maji ya kisima changu miaka na miaka, gari haijafa. Kulanti ni biashara ya watu tu.

Jibu: Waaleikum salaam mzee wangu. Visima vyetu vingi kisiwani vina chumvi, wewe mwenyewe ukipikia chai unaijua ladha yake. Chumvi inakula chuma na inaacha ukoko ndani ya mirija. Fungua kifuniko asubuhi uchungulie, kisha tuambie umeona rangi gani.

Abu Swaleh: Nimechungulia. Kahawia kama maji ya mkwaju. Nifanyeje sasa?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3, rudia hadi yawe meupe. Baada ya hapo hosi za zamani zinaweza kuanza kuvuja, maana ukoko ndio uliokuwa umeziba. Usishtuke, zibadilishe.

Mama Madafu: Shikamoo fundi. Pikapu yangu ya 3L inabeba madafu kutoka Kwale. Geji iko sawa, lakini nikiwasha asubuhi, dakika chache tu, hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe na bado haijapata moto. Ni themostati?

Jibu: Marahaba mama, na ahsante kwa kueleza vizuri, ungejua wengine wanavyouliza. Maji baridi hayana shinikizo. Hosi ikikaza kabla ya moto, kuna uwezekano mkubwa gesi ya silinda inapenya kwenye maji, yaani gasiketi ya hedi imeanza kuachia au hedi ina ufa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, mtu awashe, wewe tazama kwenye rejeta ukiwa umesimama mbali kidogo. Mapovu yasiyokoma ni jibu. Angalia na kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena. Ukiwahi, huenda ukatumia gasiketi na kuparuzisha hedi (kusawazisha uso wake) tu. Ukingoja hadi ichemke na mzigo kwenye ule mlima wa Kwale, huenda ikawa hedi nzima. Kabla hujalipa, mwambie fundi aipime hedi kwa rula ya chuma mbele yako.

Mama Madafu: Mapovu yapo. Oili safi. Nimeegesha, madafu leo yatabebwa na tuktuk.

Jibu: Umefanya la maana.

Fundi Mkubwa: Mimi nimefungua injini kabla hujazaliwa. Themostati ni za nchi za baridi. Huku joto, haina kazi.

Jibu: Injini haijui iko nchi gani, fundi. Inataka nyuzi zake 80 na kitu, iwe Mombasa iwe London. Joto letu la nje ni 30 na kidogo. Kutoka hapo hadi 80 ni safari. Ukiwa na 2L iliyong'olewa themostati na bado isichemke Mazeras ikiwa na tani moja, tuite tuone.

Deka wa Mtongwe: Fundi haraka niko foleni ya feri Likoni imechemka nimwage maji??

Jibu: ZIMA. Fungua boneti, usiguse kifuniko. Usimwagie injini maji baridi, chuma cha moto kinapasuka. Omba vijana wakusukume pembeni. Ikipoa ndiyo uongeze, kidogo kidogo.

Deka wa Mtongwe: Imepoa. Ilikuwa feni haizunguki vizuri.

Jibu: Klachi ya feni. Injini ikiwa moto na IMEZIMWA, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure bila ukinzani, mafuta yake ya ndani yamevuja. Foleni ya feri ndiyo inayoifichua, kwa sababu hakuna upepo wa mwendo.

Zulekha wa Bamburi: Je, maji yanayodondoka kwenye AC ya nyumbani yanafaa kuchanganyia kulanti? Napata ndoo kila siku.

Jibu: Swali zuri. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, kwa hiyo hayana chumvi ya kisima. Yanaokota vumbi na chembe za chuma kwenye koili, basi chuja, na usitumie yale ya siku AC imeoshwa kwa dawa. Kwangu ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Ya betri bado ni bora zaidi.

Zulekha wa Bamburi: Na kutu ya chini ya milango? Gari inalala mita chache kutoka baharini.

Jibu: Pitisha mkono ukingo wa chini wa mlango, kuna vitundu vya kutolea maji. Vingi vimezibwa na mchanga, au na rangi ya aliyepaka kwa haraka. Vizibue kwa waya laini. Osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa juu ya chasi nyuma ya magurudumu na chini ya bodi ya mzigo. Ikikauka, paka grisi nyepesi au oili safi, mbali na breki na mipira.

Kijana wa Jomvu: Sasa nimesoma yote. Hosi ya juu ni ipi?

Jibu: Ya juu.