Pima jua kwa satelaiti kabla ya kununua paneli: mfano wa Kigombe, Tanga

Nilipoanza ufundi sola nilifunga friza ya samaki Kigombe kwa hesabu ya wastani wa jua la mwaka mzima. Kaskazi yote barafu ilikuwa ngumu kama jiwe. Masika yalipoingia, mwenye friza akanipigia alfajiri: "Fundi, njoo uwanuse hawa changu." Siku hizi sinunui hata waya kabla ya kusoma data.

Hatua ya 1. Fungua ramani ya simu, bonyeza juu ya paa, andika namba mbili zinazotokea. Kigombe ni kama -5.3 na 39.06. Ukisahau hiyo alama ya kutoa utapima jua la kusini mwa Ethiopia.

Hatua ya 2. Ingia NASA POWER, tovuti ya NASA ya data za jua na hali ya hewa, ni bure. Chagua nishati jadidifu, kisha ALLSKY_SFC_SW_DWN, yaani mionzi inayofika ardhini mawingu yakiwemo. Pakua, fungua kwa Excel. Ukikuta -999, maana yake data haipo. Ifute kabla ya kupiga wastani.

Hapa usiwe na haraka. Mraba mmoja wa mionzi humo ni digrii 1, kama kilomita 111 kila upande. Muheza mjini na Amani kwenye ukungu wanapewa jua lile lile! Mraba wa Kigombe nao sehemu kubwa ni bahari. Mimi huutumia kujua miezi inavyopishana, basi.

Hatua ya 3. Nenda PVGIS, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kukadiria umeme wa jua, inayotumia picha za satelaiti za Meteosat. Miraba yake ni ya kilomita 5 hivi. Mtego uko kwenye uelekeo: kule 0 ni kusini, maana waliotengeneza wako Ulaya. Sisi tuko chini ya Ikweta, paneli zetu hutazama kaskazini, kwa hiyo andika 180. Mwinamo wa paneli weka digrii 10, mvua ioshe vumbi na chumvi.

Hatua ya 4. Chukua mwezi dhaifu kuliko yote. Tuseme umepata yuniti (kWh) 4.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na friza inakula yuniti 1.2 kwa siku. Zidisha 4.5 kwa 0.7 (joto, vumbi, betri, waya), unapata 3.15. Gawanya 1.2 kwa 3.15: kilowati 0.381, sawa na wati 381, yaani paneli mbili za 200. Kwa wastani wa mwaka wa 5.3 ungepata wati 323, na hapo ndipo changu wanapoanza kunuka.

Hatua ya 5. Simama kwenye paa saa tisa alasiri. Satelaiti haiuoni mnazi wa jirani.

Hatua ya 6. Kila mwezi linganisha yuniti za kwenye kidhibiti chaji na mionzi ya mwezi huo kutoka NASA POWER. Jua likiwa lile lile na yuniti zimeshuka, chukua ndoo na kitambaa, panda juu. Kunguru wa Kigombe hawana adabu.