Somo: Mkataba unapokukataza kwenda kwa mshindani (Kenya)

Wengi husaini wakitazama mshahara tu. Siku ya kuondoka ndipo hukumbushwa maneno kama haya: "Baada ya kuacha kazi, mwajiriwa hatafungua wala kufanya kazi katika saluni nyingine yoyote ndani ya Kaunti ya Mombasa kwa miaka mitatu." Tuchambue kifungu hicho hicho.

Hatua ya 1. Usikichane ukidhani ni batili. Sheria ya Kenya kuhusu mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, haikifuti kifungu kwa kuwa tu kimeandikwa. Inaipa mahakama uwezo wa kukitangua ikiridhika kwamba kimepita kiasi au kinaumiza umma, baada ya kupima aina ya kazi, muda, eneo na mazingira yote.

Hatua ya 2. Soma muda na eneo kwa pamoja. Miezi mitatu ndani ya mtaa mmoja kama Nyali unaweza kuivumilia. Miaka mitatu kaunti nzima, kwa msusi asiye na kazi nyingine, ni kumwambia ahame au alale njaa.

Hatua ya 3. Uliza: mwajiri analinda nini hasa? Mimi huanzia hapa. Kuogopa ushindani pekee hakutoshi. Ustadi wa vidole vyako ni wako, hata kama ulijifunzia kwake. Lakini lile daftari la kaunta, lenye namba za wateja, siku zao za miadi na rangi anayopaka kila mmoja, ni lake. Ukilipiga picha usiku wa kuamkia kuondoka, umemkabidhi wakili wake kesi nyingine kabisa.

Hatua ya 4. Jadiliana kabla ya kusaini. Omba muda na eneo vipunguzwe, mabadiliko yasainiwe na pande zote mbili, nawe ubaki na nakala. Ahadi ya mdomo ya meneja haikufai kitu meneja akihamishwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bosi amekataa kunipa cheti cha utumishi mpaka niandike kwamba sitaenda saluni ya jirani. Ana haki?*

Hana, dada. Kama ulifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu akupe. Akikataa kwa makusudi ni kosa: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote. Mwandikie barua ya kukidai, ubaki na nakala, kisha nenda kwa afisa wa leba.

*Mimi niliuza saluni yangu pamoja na jina lake. Mnunuzi naye ananizuia kufungua nyingine.*

Hapo mambo ni mengine, kwa sababu umelipwa jina na wateja. Mwaka 1894 Mahakama ya Malodi ya Uingereza ilikubali zuio la miaka 25, dunia nzima, dhidi ya Nordenfelt, aliyekuwa ameuza biashara yake ya silaha. Mwajiriwa hawezi kubanwa hivyo kirahisi.

*Niko Minnesota, Marekani, natunza wazee. Nilisaini mkataba wenye kifungu kama hicho 2024.*

Sheria ya huko imefuta vifungu hivi katika mikataba ya kazi iliyosainiwa kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Ila haijagusa ahadi za kutunza siri wala za kutowavuta wateja, kwa hiyo angalia chako ni kipi.