Gari lako likiitwa na kiwanda kwa kasoro ya breki

Barua iliyonihusu mimi ilipelekwa kwa mtu mwingine. Gari langu nimelinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu wawili, na kiwanda kilipogundua kasoro kwenye busta ya breki, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako unapokanyaga pedali, kiliyaita magari hayo yarudi kurekebishwa, kikamwandikia yule ambaye jina lake kilikuwa nalo, yaani mnunuzi wa kwanza. Nikaliendesha karibu miaka miwili, watoto wamekaa nyuma, sijui lolote. Dalili nilizipata: asubuhi nyingine pedali ilikuwa ngumu kama nakanyaga tofali. Nikabadilisha pedi, nikabadilisha mafuta ya breki, nikalipa mara mbili. Fundi wa tatu ndiye aliyeniuliza, kabla hajashika spana, “Namba ya chasi ya gari hili umeshaiangalia kwa mtengenezaji?”

Anza na namba hiyo, na anza leo, hata kama gari linashika breki vizuri. Kasoro nyingi za aina hii hazina dalili mpaka siku zinapotokea.

Utaikuta kwenye kadi ya gari, kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi chini ya kioo cha mbele upande mmoja, ukichungulia ukiwa nje. Kwa kawaida ina herufi na tarakimu 17. Ndani yake hakuna I, O wala Q, kwa hiyo ukiona duara andika sifuri, na ukiona kijiti kilichosimama andika moja. Ipige picha, usiinakili kwa kichwa, kisha iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji mtandaoni wa kuangalizia magari yaliyoitwa. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi zaidi: herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu nyingine. Ukurasa wa nchi nyingine ukiikataa, haina maana kwamba gari lako ni salama. Tafuta ukurasa wa mtengenezaji ulioko Japani, au mpelekee wakala wake namba hiyo kwa maandishi uombe akuangalizie.

Usitosheke na jina la gari na mwaka. Magari mawili yanayofanana kwa rangi na umbo, yaliyotoka kiwandani miezi michache yakipishana, yanaweza kuwa na vipuri vya breki kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Namba ya chasi ndiyo inayosema lako ni lipi.

Ukikuta gari lako limeitwa, soma tangazo lote kabla hujapiga simu popote, na utafute humo jambo moja: unaruhusiwa kuliendesha au huruhusiwi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani kila wito ni sawa na mwingine. Mwaka 2022 Mercedes-Benz iliita karibu magari milioni moja ya aina za ML, GL na R yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015, kwa sababu kutu ingeweza kula busta ya breki mpaka pedali ikaachana na mfumo wenyewe. Wenye magari hayo waliambiwa wasiyaendeshe mpaka yakaguliwe. Mwaka 2023 Hyundai na Kia ziliita magari yapatayo milioni 3.4 Marekani, kwa sababu mafuta ya breki yangeweza kuvuja ndani ya kifaa cha ABS, kile kinachozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki, umeme ukapiga shoti na moto ukawaka hata injini ikiwa imezimwa. Hao waliambiwa waegeshe nje, mbali na nyumba. Tazama tofauti: gari la kwanza ni hatari barabarani, la pili ni hatari hata likiwa limelala. Ukiambiwa uegeshe nje, usiliingize gari chini ya chumba wanacholala watu, hata usiku mmoja.

Ukiambiwa usiendeshe, basi liende likiwa limebebwa. Muulize wakala nani analipia gari la kuvuta, na kama kuna gari la kutumia wakati unasubiri. Mimi nilidhani kuuliza hivyo ni kusumbua watu. Siyo kusumbua. Matengenezo ya wito kwa kawaida hayalipiwi na mwenye gari, awe wa kwanza au wa tano. Na kama ulishalipia kasoro hiyohiyo kabla ya tangazo, uliza kuhusu kurudishiwa fedha. Risiti zako za zamani ndizo ushahidi.

Vipuri huweza kuchelewa. Ikiwa tangazo linaruhusu uendeshe huku ukisubiri, kila asubuhi fanya kipimo hiki cha busta: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu, acha mguu juu yake, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, usitoke. Ikizama polepole huku umeikanyaga kwa nguvu ileile, pia usitoke. Lakini kipimo kikienda vizuri, wito bado upo palepale. Hakifuti kasoro iliyotajwa kwenye tangazo.

Na ujue la kufanya breki zikikuacha njiani, maana pedali husema nini kimeharibika. Ikiwa ngumu, busta imekufa lakini breki zenyewe bado zipo: kanyaga kwa nguvu zako zote, hata kwa miguu miwili, na usiachie. Ikizama hadi chini, presha imepotea: kanyaga na kuachia harakaharaka kuitafuta. Kwa vyovyote shusha gia moja baada ya nyingine, vuta breki ya mkono taratibu, washa taa za tahadhari, piga honi. Usizime injini gari likiwa linakwenda, kwa sababu usukani utakuwa mzito na ukitoa ufunguo unaweza kujifunga.

Siku ya kulichukua, usiondoke na neno la mdomo. Dai karatasi yenye namba ya wito, namba ya chasi, kipuri kilichobadilishwa na tarehe. Marekebisho mengine ni ya programu tu, hutaona chuma kipya chochote, na hapo karatasi hiyo ndiyo pekee inayoonyesha kazi ilifanyika. Baada ya wiki chache rudi kwenye ukurasa wa mtengenezaji, ingiza namba tena, uone kama wito umefungwa. Wangu ulikuwa bado wazi. Aliyefanya kazi alisahau kuijaza, nikapiga simu ikarekebishwa siku hiyohiyo.

Wakati uko kwenye simu, mwombe wakala aandike jina lako na anwani yako mahali pa mmiliki wa zamani, ili barua ijayo ikufikie. Karatasi ya matengenezo iweke pamoja na kadi ya gari. Siku utakapoliuza, mkabidhi mnunuzi zote pamoja na ufunguo, na umwonyeshe pa kubadilishia jina.