Jinsi ya kumchora panya atembee na mdundo, kwa kuitazama Steamboat Willie

Wengi wetu tukitaka kutengeneza katuni tunakimbilia penseli. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilimchora panya wangu akitembea, picha sitini na ushee, ndipo nikatafuta ngoma ya kumwekea. Mguu ukatua, ngoma ikaja baadaye, kama mtu anayeitikia "amina" watu wameshainuka. Karatasi zile ziliwashia jiko wiki nzima.

Dawa niliipata kwenye filamu isiyofika dakika nane: Steamboat Willie, katuni ya panya Mickey Mouse ya Walt Disney na Ub Iwerks, iliyoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928. Wao walihesabu kwanza. Wilfred Jackson, kijana wa studio ambaye mama yake alifundisha piano, alileta metronomu, kile chombo kinachogonga tik-tik kumshika mpigaji asitoke kwenye mwendo. Mapigo yakapangwa kwenye karatasi, kisha ndipo michoro ikafuata.

Hatua ya 1: Tazama bila sauti. Chukua pale mwanzo, panya akiwa kwenye usukani wa meli anapiga mluzi. Zima sauti, gonga meza kila mwili unaposhuka. Sasa washa sauti. Utaona vidole vyako vimeshaujua wimbo. Endelea hadi nahodha anapomfukuza: anabiringika ngazini, anateleza kwenye sabuni, anatumbukia kwenye ndoo, na kasuku anamcheka. Mikasa yote hiyo ya sekunde chache imefungwa kwenye sauti, na ukiinyamazisha, nusu ya kichekesho inakufa.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Filamu hukimbia fremu 24 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja moja ya filamu. Ukichagua mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde, yaani fremu 12. Kila mchoro ukikaa fremu 2, unahitaji michoro 6 kwa pigo. Ukitaka panya mzito kidogo, mapigo 90 yanakupa fremu 16, michoro 8. Mapigo 100 yaache: yanatoa fremu 14.4, na hiyo nukta nne itakutesa hadi mwisho.

Hatua ya 3: Chora panya kwa sarafu. Sarafu kubwa ndiyo kichwa, mbili ndogo ndizo masikio. Masikio yabaki duara hata akigeuka upande. Ndivyo walivyofanya, na hakuna anayelalamika. Mikono na miguu iwe kama mpira wa kumwagilia bustani, bila kiwiko wala goti la kukusumbua. Katika filamu ile hakuwa hata na glavu. Nchini Marekani haki za filamu hii ziliisha tarehe 1 Januari 2024, lakini panya wa filamu za baadaye ni habari nyingine, na alama ya biashara bado ipo. Mchore wako. Wangu ana sikio moja lililotafunwa.

Hatua ya 4: Mwendo wenyewe. Hapa usiwe na haraka. Tuseme tuko kwenye mapigo 120.

Chora kwanza picha ya 1: kisigino cha kulia kinagusa chini. Kisha ya 7: kisigino cha kushoto kinagusa chini. Hizo mbili ndizo mapigo yako. Katikati weka ya 4, mguu wa nyuma ukipita kando ya ule uliosimama. Halafu rudi kwenye ya 2: mwili ushuke, kichwa kizame kidogo. Ya 5 mwili uinuke. Ya 3 na ya 6 zitajileta zenyewe. Picha 7 hadi 12 ni yale yale kwa mguu mwingine, kisha unarudi ya 1 na panya anatembea mpaka uchoke wewe.

Anayeanza husahau kushusha mwili kwenye picha ya 2. Matokeo yake panya anasogea kama aliyepakiwa kwenye mkokoteni.

Ili karatasi zisihame, zitoboe kwa panchi na uzivishe kwenye misumari miwili iliyopigwa ubaoni. Kuona mchoro wa chini, kioo chenye taa chini yake kinatosha.

Hatua ya 5: Piga picha usiku. Mchana wingu likipita, panya anageuka kijivu. Funga madirisha, tumia balbu moja, funga simu kwenye stendi na usiiguse: kwa simu nyingi, kitufe cha sauti cha earphone kinafyatua kamera. Kwenye programu ya kuunganisha picha weka picha 12 kwa sekunde.

Hatua ya 6: Sauti. Kijiko juu ya sufuria kinatosha. Weka mlio kwenye picha ya 1 na ya 7. Ukihisi sauti inawahi, isogeze nyuma ya mguu kwa fremu moja. Jicho husamehe sauti iliyochelewa kidogo kuliko iliyotangulia.

Disney mwenyewe alikwama hapa. Okestra ilipojaribu kurekodi mara ya kwanza, haikwenda sawa na picha. Mara ya pili waliweka kwenye filamu kijimpira kinachoruka kwa kila pigo, kiongozi akakifuata. Nawe weka doa la wino mwekundu kwenye kona ya picha ya 1 na ya 7, sehemu utakayoikata baadaye. Doa likionekana na kijiko kisilie, unajua pa kurekebisha.