Somo: Kupiga 115 kwa mjamzito aliyezidiwa kijijini (Mtwara na Lindi)

Swali la "115 inapigwaje" linarudi humu kila masika, na kulijibu vipande vipande kumenichosha. Somo zima hili hapa. Someni kabla dharura haijaingia nyumbani.

115 ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na vichanga hadi siku 28.

1. Piga 115. Ni bure, hata kama huna salio.

2. Anza na tatizo, salamu baadaye: anatoka damu, ana degedege, chupa imepasuka na uchungu hauji, kondo la nyuma halijatoka, kichwa kinamuuma sana na haoni vizuri. Kisha taja mimba ina miezi mingapi.

3. Eleza mlipo. Hapa ndipo gari hupotelea. Anayepokea simu haoni mahali ulipo, na "tupo hapa kwa mwenyekiti" hakumsaidii kitu. Shuka kwa mpangilio: mkoa, halmashauri, kata, kijiji, kitongoji. Halmashauri usiiruke: Newala kuna Mji na Wilaya, Masasi vilevile, na majina ya vijiji hujirudia. Halafu toa alama moja isiyohama, yaani msikiti, shule, ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au mnara wa simu, na useme mko upande gani wa alama hiyo. Usitumie mkorosho, kibanda cha chipsi wala "palipokuwa na mashine". Sema pia hali ya njia: mto umejaa? Gari linaishia wapi? Mkificha kwamba daraja limekatika, dereva atalijua akiwa ukingoni na itabidi azunguke upya. Mwisho, mwombe aliyepokea akurudilie maelezo yote. Akikosea kitongoji, msahihishe hapohapo.

Onyo kwa wa ukanda wa Ruvuma: simu inaweza kushika mtandao wa Msumbiji, na 115 yako isifike kituo cha huku. Ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua mtandao wako wa Tanzania. Fanyeni hivyo leo, mchana, mgonjwa akiwa hajaumwa.

4. Simu iliyopiga ibaki wazi. Dereva atapiga kwa namba usiyoijua. Ndugu wajulishwe kwa simu nyingine.

5. Mtu mmoja akasimame njia panda na tochi.

6. Mkisubiri, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Akipata degedege msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ondoeni vitu vya kumuumiza, mwacheni abaki kwa ubavu. Khanga zilizolowa damu msizifue, nendeni nazo, mkunga akadirie kiasi kilichopotea. Na dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu msimpe kabisa. Inaweza kupasua kizazi, na hapo mnaweza kumpoteza mama na mtoto.

7. Bebeni kadi ya kliniki, vitenge safi, na msindikizaji anayeweza kutoa damu.

MASWALI

Kijana wa Tandahimba: Mkuu, inakata shilingi ngapi kwa dakika?
— Hatua ya 1.

Mama Wawili: Dereva akidai hela ya mafuta, je?
— Usimpe, dada. Dereva wa jamii, yaani mwenye gari binafsi aliyesajiliwa na m-mama, hulipwa na mfumo kupitia simu, baada ya mhudumu wa afya kuthibitisha kwamba mgonjwa amefika. Aking'ang'ania, piga 115 tena ueleze.

Boda Masasi: Huo mlolongo wote wa nini? Mimi nampakiza tu namwahisha.
— Anayetoka damu anaweza kuzimia na kuanguka, na mwenye degedege hakai kwenye pikipiki. Piga kwanza. Ukiambiwa hakuna gari la karibu, mfikishe zahanati iliyo jirani, mtu akae nyuma yake amshike. Rufaa ya kwenda juu itaombwa na wahudumu wa hapo.

Mkunga Nachingwea: Shikamoo. Kichanga njiti tunamsafirishaje asipoe? Wengi wanafika wa baridi.
— Marahaba, na asante kwa swali hili. Mkaushe, mvishe kofia na soksi, mlaze ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, wima, kichwa kimegeukia pembeni ili pua iwe wazi. Mfungeni kwa khanga, kisha blanketi juu yao wote wawili. Mama akiwa hajiwezi, baba au bibi anafaa kabisa. Chupa za maji ya moto mziache, zinaunguza. Akiweza kunyonya, anyonye njiani.

Mkulima wa Liwale: Aliyeumwa na nyoka shambani anaingia humo?
— Akiwa mjamzito, piga. Wengine mtafute usafiri, lakini pigieni kituo cha afya kwanza kuuliza kama sumu-kinga ipo, maana zahanati nyingi hazina. Msifunge kamba, msichanje, msiweke jiwe la kunyonya sumu. Vueni pete na bangili kabla ya uvimbe, mguu ufungiwe kijiti usichezecheze, andikeni saa aliyoumwa. Swila akitema machoni, osheni kwa maji safi mfululizo dakika 20.

Mwalimu Mtama: Vile vibao vya anwani za makazi vinasaidia?
— Sana. Soma namba ya nyumba na jina la barabara, uongeze kwenye hatua ya 3. Andikeni kwa chaki nyuma ya mlango, pamoja na kata na kitongoji, ili hata mtoto wa darasa la tatu aweze kuyasoma kwenye simu.