Kushuti video ya wimbo wa kwanza wa kundi la dansi

Wimbo uishe kabisa kabla kamera haijawashwa. Kundi linaloshuti kwa toleo la majaribio hujitafutia balaa: produsa akipandisha kasi baadaye kutoka mapigo 120 kwa dakika hadi 122, wimbo wa dakika 3 unapungua karibu sekunde 3, na hapo midomo na miguu inaachana na muziki.

Kasi ya 120 ni rahisi kupangia dansi. Pigo moja ni nusu sekunde, hesabu ya nane (mchezaji akihesabu mapigo moja hadi nane) ni sekunde 4, kwa hiyo kiitikio cha sekunde 32 kina hesabu za nane 8. Msizijaze zote mitindo mipya. Chagueni mtindo mmoja wa mikono na mabega, ambao mtu aliyekaa kitini anaweza kuuiga, muurudie kila kiitikio kinapoingia. Sarakasi ziwekeni sehemu ya ala tupu, maana anayeruka huku anaimba huonekana wazi kuwa haimbi.

Nafasi za wachezaji ziwekeeni alama sakafuni kwa utepe wa rangi inayofanana na sakafu. Lenzi pana mno huwavuta walio pembeni wakaonekana wanene kuliko wa katikati. Kama kuna nafasi, rudisheni kamera nyuma mtumie lenzi ya kati ya milimita 35 na 50. Kamera ikae usawa wa kiuno. Ikipandishwa hadi usawa wa kichwa, miguu hufupika, na dansi ni miguu. Chini ya viatu achieni nafasi kidogo ndani ya picha, la sivyo kila hatua ya mbele inakatwa vidole.

Muziki wa kuchezea uongezewe milio minne ya kuhesabu mwanzoni, ili wote waanze pamoja. Spika iwe karibu nao. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 17 mbali inachelewa sekunde 0.05, zaidi ya fremu moja, yaani picha moja kati ya zile 25 au 30 zinazounda sekunde ya video. Na waimbe kwa sauti halisi: anayechezesha midomo tu, shingo yake haifanyi kazi, na mtazamaji anamshtukia.

Panapotumika umeme wa hezi 50, shuti fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50. Penye hezi 60, fremu 30 na 1/60. Taa zinazopepesa kwenye picha mara nyingi zinatokana na kupuuza hili. Mkitaka mwendo wa polepole ambao midomo bado inafuata wimbo, shuti fremu 50 huku wimbo ukipigwa kwa kasi mara mbili, kisha punguzeni hadi 25. Hapo msidai dansi kamili, kwani mapigo 240 kwa dakika hayachezeki vizuri. Macho, mikono na nywele zinatosha.

Anzeni na teki (rekodi) tatu za wimbo mzima, kundi lote likionekana mwili mzima, wakati bado wana nguvu na jasho halijaharibu vipodozi. Kisha kila mwimbaji peke yake, kuanzia kiunoni, wimbo wote. Miguu na viganja vije mwisho. Nguo zenye mistari myembamba ziachwe nyumbani, kwenye kamera hutetemeka kama maji.

Kwenye uhariri, msikate kila pigo. Mbinu hiyo huficha wachezaji wabovu, lakini wazuri inawafuta kabisa: kwenye kiitikio acheni angalau hesabu ya nane moja ipite bila kukatwa. Mkato ukiwekwa fremu moja au mbili kabla ya pigo huonekana umelenga pigo lenyewe. Sauti ya kamera mtaitumia kulinganishia tu. Mkimaliza, izimeni ibaki ya studio.