Namna ya Kumtambua na Kumtumia Mdudu Kibibi Dhidi ya Vidukari Shambani

Mvua za Dodoma, ambazo kwa kawaida huanza Desemba na kuishia Aprili, mara nyingi hukatika katikati ya msimu, hasa Februari, na katika kipindi hicho cha ukavu ndipo vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, hujazana kwenye ncha za matawi na vitumba vya maua ya kunde. Kidukari jike huzaa watoto walio hai bila kuhitaji dume, na watoto hao nao huanza kuzaa baada ya takribani wiki moja, kwa hiyo si ajabu mkulima kushika bomba la dawa mara tu anapowaona. Kabla ya kupuliza, kagua kwanza kama mdudu kibibi, ambaye hula vidukari, ameshafika, na usimtafute akiwa mpevu peke yake.

Mpevu ni rahisi kumjua. Spishi inayoonekana sana mashambani mwetu, Cheilomenes lunata, ina urefu wa milimita 5 hadi 7, umbo la mviringo lililobinuka, na mabawa ya juu meusi yanayong'aa, yenye mabaka mekundu, ya machungwa au ya manjano. Ukimshika hutoa kwenye viungo vya miguu majimaji ya manjano yenye harufu kali na uchungu, ambayo ndiyo kinga yake dhidi ya ndege.

Anayesahaulika ni lava, yaani mtoto wake kabla hajapevuka, na kwa maoni yangu hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa sababu watu humwua wakidhani ni mdudu mharibifu. Anza na mayai: geuza majani yaliyo karibu na kundi la vidukari, utaona vifungu vya mayai ya manjano, membamba, yaliyosimama wima yakigusana. Katika joto letu huanguliwa baada ya siku chache, na wa kwanza kutoka wakikosa chakula karibu huwala ndugu zao ambao bado wako ndani ya mayai. Ndiyo sababu mama hutaga mahali penye vidukari tayari. Lava ana mwili mrefu uliochongoka nyuma, rangi ya kijivu au nyeusi yenye mabaka ya manjano au ya machungwa, na miguu sita inayoonekana wazi. Hujivua ngozi na kupita hatua nne za ukuaji, akila zaidi katika kila hatua, na ile ya mwisho ndiyo yenye ulafi kuliko zote. Kisha hujigandisha kwenye jani kwa sehemu ya nyuma na kuwa pupa, hatua ya kugeuka kuwa mpevu, asiyekula wala kutembea. Kutoka yai hadi mpevu huchukua takribani wiki mbili hadi tatu kukiwa na joto na chakula.

Jihadhari na ndugu zake wanaokula mimea, wa kundi la Epilachna, ambao hushambulia maboga na pia nafaka. Mabawa yao hayang'ai, kwa kuwa yamefunikwa na vinyweleo vifupi, na lava wao ana miiba yenye matawi mwili mzima. Tena jani walilolila huachwa limekwanguliwa, likibaki kama wavu, jambo ambalo mdudu kibibi anayekula vidukari hafanyi.

Ukaguzi ufanyike asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa kupita shambani kwa mshazari na kusimama kwenye mashina ya sehemu mbalimbali, si ya pembeni tu. Ukikuta lava au mayai kwenye mashina mengi yenye vidukari, ahirisha dawa na urudi baada ya siku tatu au nne kulinganisha. Ukikuta vidukari wanaongezeka na lava hawapo, kata jani lenye lava kutoka shina jingine ulifunge hapo. Lava hana mabawa, hivyo hukaa na kula, ilhali mpevu aliyehamishwa huruka na kwenda zake.

Angalia pia sisimizi. Hao hufuata umajimaji mtamu unaotolewa na vidukari na huwafukuza lava, kwa hiyo palipo na msururu wa sisimizi usitegemee mdudu kibibi afanye kazi vizuri. Ikibidi kupuliza, puliza mashina yaliyoathirika pekee. Dawa za jamii ya pairethroidi, yaani sumu za viwandani zinazofanana na ile ya pareto, huua wadudu kibibi pamoja na vidukari, na vidukari wachache wanaosalia huongezeka upya kwa haraka bila wa kuwala. Maji ya sabuni nayo huua lava akilowa, ingawa yakikauka hayaachi sumu.

Kwa karanga tahadhari inahitajika zaidi. Vidukari hueneza ugonjwa wa rozeti, unaotokana na virusi na kudumaza mmea, na wachache tu wenye mabawa wanatosha kuuleta kabla mdudu kibibi hajawahi kutaga, hivyo kinga yake ni kupanda mapema, kwa nafasi za karibu, na mbegu inayostahimili.

Wakati wa kiangazi, wenye bustani za mboga karibu na mabwawa kama Hombolo waache mistari michache ya giligilani ichanue, kwa kuwa mpevu hula pia chavua na nekta vidukari wanapoadimika. Alizeti iliyopandwa kando ya kunde husaidia vivyo hivyo wakati wa mvua.